Aliyeitika Kabla ya Kuitwa

Ilikuwa Jumanne ya likizo ndefu, mwezi wa nane, saa tisa mchana. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage, na Mucyo, mwanangu wa kwanza, alikuwa miguuni pangu akihamisha kokoto kutoka kopo moja kwenda jingine. Hakuna kilichokuwa tofauti siku hiyo. Upepo wa ziwani ulipuliza vumbi la kiangazi, mama mwenye nyumba alikuwa amevuka mpaka kwenda Goma na vitenge vyake, na mume wangu Bahizi alikuwa Bugeshi akipakia viazi kwenye Fuso. Angerudi Jumamosi.

Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, na ulikuwa wa zamani. Mucyo alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, na hakuwa amesema neno. Hata "mama" hakuwa amesema. Kusikia alisikia vizuri. Ukimwita jina lake aligeuka haraka na kucheka, lakini mdomo ulifunguka bila kutoa kitu. Kwenye kituo cha afya waliniambia ningoje. Basi nilingoja, na kila siku nilimwita mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nipate tu kumwona akigeuka.

Ndipo Isimbi akaingia uani. Isimbi ni mdogo wa mume wangu, anasoma sekondari upande wa Nyundo. Nyuma yake walikuwa wenzake wawili wa darasani, msichana mpole aitwaye Uwineza na kijana mrefu aitwaye Kimenyi, aliyeshika daftari kifuani kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi.

"Mama Mucyo, usikasirike," Isimbi alisema. "Nimekuletea wageni na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa video ya wimbo. Shule yao ingefunguliwa kwa shindano la vipaji, na kila kikundi kilitakiwa kuleta wimbo wake pamoja na picha zake. Kimenyi alifungua daftari. Alikuwa amechora miraba kumi na miwili, na ndani ya kila mraba picha ndogo za watu wa vijiti: hapa mama mlangoni, hapa njia ya kushuka majini, hapa wachezaji wanapanda mlima. Wangepiga picha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakati barabara bado tupu.

"Na nyumba ni hii," alisema akizunguka uani. "Mulango ya bluu. Lupango ya majiwe nyeusi. Ziwa kule nyuma. Bon. Hata Kigali hawana hii."

Wimbo wao ulikuwa wa mama anayemwita binti yake jioni arudi nyumbani. Mama anaita, kikundi kinaitika. Kwetu mtoto akiitwa na mtu mzima haitiki "nini" wala "naja". Huitika "Karame!", maana yake uishi miaka mingi. Ni neno la heshima. Linasemwa mara nyingi kwa siku, na linatoka kinywani lenyewe kabla mtu hajafikiri.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimewashinda. Binti wa kwenye wimbo hakuwa na jina.

"Tuweke yako, Isimbi," alisema Kimenyi.

"Yangu? Ayii! Klipu ikitoka, kila kijana wa Gisenyi ataniita pa njia, 'Isimbiii!' Mi sitaki."

"Donc, tuweke ya Uwineza."

"Haivutike muzuri," Uwineza alisema kwa sauti ndogo. "Tunataka jina ndefu. Kama ya mutoto mwenye iko mbali."

Walitaja majina mengi, wakayaimba, wakayakataa. Mimi nilikuwa kimya na maharage yangu. Huwa siingilii mazungumzo ya watu. Lakini walikaa muda mrefu, na niliwaonea huruma, na nililifahamu jina moja refu.

Upande wa ndani wa ubao wa mlango wetu, chini, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, palikuwa na jina lililokwaruzwa kwa msumari: IRIBAGIZA. Tulipohamia hapo miaka miwili iliyopita nililikuta. Herufi Z ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele, kama anavyoandika mtoto anayejifunza. Kosa la herufi hunisumbua macho. Nililivumilia mwezi mmoja, halafu siku moja nilichukua kisu nikaichonga ile Z ikakaa sawa.

"Liko hili," nilisema, nikawaonyesha.

Kimenyi alichuchumaa akalisoma. Kisha akainua uso na kuliimba akielekea ziwani. "I-ri-ba-gi-zaaa! Ah! Hii inavutika! Mama Mucyo, kumbe we iko artiste na unajificha."

Walicheka, nami nilicheka. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Niliwaandikia hata maneno yote ya wimbo kwenye karatasi safi, maana mwandiko wa Kimenyi ulikuwa wa kuku.

Kisha walitaka kujaribu. Isimbi alisimama mlangoni akaita, lakini Kimenyi alitikisa kichwa. "Unamuita kama rafiki yake. Haumuite kama mama." Akanigeukia mimi, na wote wakanigeukia.

"Hapana," nilisema.

"Mara moja tu, Mama Mucyo. Uso hatuonyeshe. Sauti tu."

Nilisimama kizingitini, nikalitazama ziwa, nikalisema lile jina.

"Mama Mucyo," Kimenyi alisema, "unaita ao unasali?"

Nikarudia, safari hii kwa sauti kidogo. Wote watatu wakaitika pamoja, "Karame!" Kimenyi alikuwa ameshika simu juu, inarekodi. Tulikusanyika kuisikiliza. Upepo ulisikika kwanza, halafu kopo la Mucyo. Halafu sauti nyembamba, mbali sana, kama ya mtu aliye chini majini: "Karame." Ndipo ikafuata sauti yangu ikiita. Kisha wao watatu.

"Nani ameitika mbele ya kuitwa?" aliuliza Kimenyi.

Hakuna aliyekubali. Walisukumana, wakasingiziana, wakaenda zao wakicheka. Nilifunga mlango mapema siku hiyo, na sikujua kwa nini.

Jumatano walirudi wakafanya mazoezi uani. Sikuita tena. Isimbi aliita, wengine wakaitika, Kimenyi akahesabu hatua na kurekodi kwa simu. Walipoondoka kununua maji nilibaki peke yangu na Mucyo ndani. Nilikuwa nimempa mgongo, nakunja nepi. Nyuma yangu neno likasemwa.

"Karame."

Niligeuka. Mucyo alikuwa amesimama nyuma ya mlango na kokoto mkononi, uso ukitazama nje.

Nilimnyanyua. Nilizunguka naye chumba kizima. Nililia. Mtoto aliyekuwa bubu kwa mwaka na miezi saba alikuwa amesema neno, tena la adabu, tena bila kulikatakata. Nilimpigia Bahizi simu.

"Amesema! Mtoto amesema!"

"Amesema nini? Papa?"

"Amesema karame."

Bahizi alicheka mpaka nikasikia wapakiaji wakimuuliza kuna nini. "Muzuri sana! Mutoto wa adabu! Na nani alikuwa amemuita?"

Hakuna aliyekuwa amemwita.

Alhamisi asubuhi nilipofagia nilikuta unga wa mbao sakafuni, mweupe, mbichi. Ulikuwa kidogo tu, wa kujaza kifuniko cha soda, nyuma ya mlango. Nilichuchumaa. Ile Z niliyoinyoosha kwa kisu ilikuwa imegeuzwa tena.

Nilijiambia ni Kimenyi. Alipenda mizaha. Nilifagia ule unga, nikautupa, nikanawa mikono mara mbili.

"Mucyo," niliita. Nilitaka tu anitazame.

Hakugeuka.

Alikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa, akihamisha kokoto zake. Niliita tena. Nilipiga makofi, makofi aliyasikia, aliinua kichwa. Lakini jina hakulisikia. Nililisema kwa sauti, nililisema kwa wimbo, nililisema nikiwa nimemshika mashavu. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayezungumza Kichina. Nilihesabu. Nilimwita mara kumi na moja.

Sikutulia kuanzia hapo. Nilianza kufua nikaacha. Niliweka sufuria motoni bila maji. Kila nilipokaa, niliinuka. Mucyo naye hakulala usingizi wa mchana. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, kama mtu anayesubiri gari.

Saa kumi walifika. Isimbi alisimama nje akaliita jina la wimbo, akilivuta mwisho. Mucyo aliacha kokoto zote zikaanguka. Akatembea moja kwa moja hadi kizingitini, akafungua mdomo.

"Karame!"

Haikuwa sauti ya mtoto wa mwaka mmoja. Ilikuwa safi, imenyooka. Ilikuwa sauti ya msichana.

Uani watu walipiga makofi. "Sikia huyu! Tumupe microphone!" Kimenyi alisema.

Nilipiga magoti nyuma ya mwanangu. Nilinong'ona, "Mucyo." Hakusogea. Nikanong'ona lile jina jingine, la ubaoni.

Akageuka. Akacheka, kama alivyokuwa akinichekea mimi.

Nilitoka nje nikiwa nimembeba. "Badilisheni jina," nilisema.

"Mama Mucyo, tumeshaandika yote," Kimenyi alijibu. "Kesho kutwa tunapiga picha. Wachezaji wameshika ile jina. Jina ni jina tu."

"Badilisheni."

"Ni mutoto, anaiga tu," alisema Isimbi, akinishika mkono. "We ulikuwa unataka aseme. Amesema. Sasa unaogopa nini?"

Kimenyi alikuwa ameshageuka. Aliinua kichwa, akajaza kifua hewa, akaliita lile jina kwa sauti yake yote, kama kunitania.

Kitu kizito kilianguka nyuma yetu. Mama Faradji, mwenye nyumba, alikuwa amesimama kwenye mlango wa lupango, ule ukuta wa mawe wa uani. Furushi lake la vitenge lilikuwa chini, limefunguka, na hakuliangalia. Hakuwa na kawaida ya kurudi mapema. Siku hiyo mpaka ulikuwa na foleni akaamua kugeuza.

"Nani amewapa jina hiyo?"

Wanafunzi walinigeukia.

"Nimeuliza, nani?"

"Ni mimi, Mama Faradji," nilisema. "Limeandikwa mlangoni."

Alitukalisha wote kwenye benchi. Yeye hakukaa. Aliongea huku akitazama ziwa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehofia kumwamsha mgonjwa.

"Mbele yenu hapa ilikaa mama mumoja, Connie, alitoka Uganda. Alikuwa na binti mumoja, miaka saba. Kila jioni alisimama pa ule mulango, anamuita. Mutoto anaitika kule chini pa maji, kisha anapanda. Siku moja aliitika, na hakupanda. Tulitafuta siku ine. Hata kiatu hatukupata."

"Pole," alisema Uwineza.

"Ngoja. Mama yake hakuacha kumuita. Kila jioni pa mulango. Na kila jioni mutoto aliitika."

Isimbi aliniangalia.

"Mi mwenyewe nilisikia, na masikio yangu haya. Kwanza kule pa maji. Kisha pa njia. Kisha nyuma ya majiwe. Connie alikuwa anafurahi, munasikia? Alifurahi, eti mutoto anakaribia. Siku ikafika, aliitika ndani. Nyuma ya mulango. Connie alitoka ile dakika, na nguo zenye alikuwa amevaa. Hakurudia hata sufuria. Hakumuita tena, na yule akanyamaza." Alinigeukia. "Sasa nyinyi mumemuita. Na aliyeanza ni mama, tena mwenye kunyonyesha, tena pa mulango ileile."

"Mama Faradji, hizo ni hadithi," Kimenyi alisema. Lakini alisema taratibu.

"Hadithi? We iko na ile simu. Tusikilishe."

Kimenyi alitoa simu. Aliweka ya Jumanne: sauti ya mbali, halafu mimi. Aliweka ya Jumatano: ile sauti ikaitika, na nyuma yake kokoto za njiani zikisagika. Kisha akaweka ya dakika chache zilizopita, aliyorekodi Isimbi akiita. Kabla ya Isimbi kufungua mdomo, neno lilisemwa karibu sana na simu. Tulisikia mate. Tulisikia pumzi.

"Karame."

Kimenyi aliifunga simu akaiweka chini, kwenye vumbi. Hakuigusa tena mpaka tulipomaliza.

"Na mwanangu?" niliuliza. "Mwanangu hasikii jina lake."

Mama Faradji alimtazama Mucyo. "Mucyo hana neno lake hata moja," alisema. "Ndiyo maana yule anaweka yake. Akiendelea kuitika kwa kinywa chake, siku moja utamuita mutoto wako na hatakuwamo."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

"Nifanye nini?"

"We, kama umeita mutu, na mwingine akaitika, unamwambia nini?"

"Namwambia si yeye."

"Basi. We ndiye uliita. We ndiye utamwambia. Leo, mbele ya sala ya Magharibi, saa ile ya Connie. Utaita kwa nguvu, kama mama. Hakuna mutu ataitika. Hata mumoja. Na mutoto wako, hakikisha kinywa chake iko na kazi."

Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu juu ya maji. Mama Faradji aliwaambia wanafunzi waende kama wanaogopa. Hawakwenda. Isimbi alijifunga mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa. Uwineza aliweka mikono yote miwili juu ya midomo. Nilielewa kwa nini. Neno lile linatoka lenyewe. Mama akiita, mtoto wa nchi hii anaitika, hata kama jina si lake, hata kama hataki.

Nilisimama kizingitini. Tangu asubuhi Mucyo alikuwa amekataa kunyonya, na maziwa yalikuwa yamenijaa pande zote mbili mpaka yanauma. Nilimweka upande wa kushoto, nikafunika kitenge juu yetu. Alikataa. Alitaka kutazama nje. Nikamgeuza, akageuka. Nikakamua tone kwenye midomo yake. Mwishowe alishika, akaanza kuvuta.

"Sasa," alinong'ona Mama Faradji.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Tangu utoto wangu, kule Karagwe tulikokulia ukimbizini kabla ya kurudi nchini kwetu, sijawahi kupaza sauti mbele ya watu. Darasani nilikuwa naandika jibu kwenye karatasi na kumpa mwalimu. Hata nilipojifungua sikupiga kelele. Nilijaribu tena. Ilitoka pumzi.

"Mutoto wako," alisema Mama Faradji. Basi, hayo tu.

Niliita.

Niliita mpaka majirani wakatoka kwenye nyua zao. Niliita mpaka mbwa wa chini ya njia wakabweka. Nililivuta lile jina mpaka pumzi ikaisha, likashuka mlimani, likaenda juu ya maji.

Kimya.

Nilisikia Mucyo akimeza. Uwineza alikuwa analia bila sauti, mabega yakiruka. Kimenyi alikuwa ameuma mkono.

Kokoto ziligongana chini ya njia.

Zikagongana tena. Karibu.

Jiwe moja la lupango lilitikisika, kama linavyotikisika mtu akishikilia kupanda. Hapakuwa na mtu.

Mama Faradji alianza kusoma dua chini ya pumzi.

Baridi ilinipita miguuni, kwenye vifundo, ikaingia ndani. Kisha ikatoka tena, ikasimama mbele yangu. Sikuona kitu. Niliona tu vumbi la uani, na ndani yake sehemu mbili ndogo zilizolowa maji.

"Karame."

Ilitoka chini ya kitenge.

Nilitazama. Mucyo alikuwa ananyonya, macho yamefumba, mdomo umejaa. Upande wa kushoto.

Sauti ilikuwa imetoka kulia.

Nilishika mwimo wa mlango. Nikasema nilichoambiwa niseme. Nilikuwa nimepanga kukisema kwa ukali, kama mtu anayefukuza. Sikuweza. Nilikisema kama unavyomwambia mtoto wa jirani aliyekuja mbio akidhani ameitwa.

"Si wewe ninayekuita, mama. Namwita Mucyo."

Hakuna kilichojibu. Ile baridi ilikaa kidogo. Halafu haikuwepo.

"Mucyo," niliita.

Aliachia titi. Maziwa yalimtiririka kidevuni. Akageuka, akanitazama, akacheka. Kisha, bila mtu kumfundisha, akasema, "Mama."

Isimbi alifungua kitambaa mdomoni akalia kwa sauti. Kimenyi alilia pia na hakuficha. Mama Faradji aliokota vitenge vyake kimoja kimoja, akavikung'uta vumbi, akasema tu, "Sasa mutafute jina ya mutu mwenye iko hai, na mumuombe ruhusa." Isimbi alisema waweke lake. Jumamosi walipiga picha zao kwingine, njia ya Cyanzarwe, na sikwenda kutazama.

Jioni ile ile ya Alhamisi niliingia ndani kubadilisha blauzi. Kushoto, alikonyonya Mucyo, maziwa yalikuwa yamepungua nusu. Ziwa la kulia lilikuwa tupu. Lilikuwa jepesi na limelegea kama halijawahi kujaa, na ngozi pembeni ya chuchu ilikuwa baridi, imelowa maji. Niliyaonja kwa kidole. Hayakuwa maziwa. Yalikuwa na chumvi kidogo, kama maji ya ziwa letu.

Sasa Mucyo ana miaka miwili na nusu na anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Nilikwisha kumwachisha kunyonya. Bahizi anasema maziwa yalipaswa kuwa yamekauka zamani, na upande wa kushoto yalikauka. Kulia yanajaa kila siku kuanzia saa tisa, na jua likikaribia kuzama yanakuwa yamekwisha. Bahizi anataka tuhame. Ameona nyumba nzuri mbali na ziwa, nami kila mara namwambia tungoje kidogo.

Nilimwambia si yeye niliyemwita, na naamini alinisikia. Hajaitika tena. Anakuja tu.